Nyani, Punda na Mlango wa Banda

Vitabu vya Narnia ni saba, navyo vilitungwa na C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast katika Ireland, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford na baadaye cha Cambridge. Cha kwanza kilitoka mwaka 1950, na tangu hapo akatoa kimoja kila mwaka hata 1956, kilipokuja cha mwisho, jina lake The Last Battle, maana yake Vita vya Mwisho. Twataka kunena habari za hicho cha mwisho. Vile sita hupendwa bila ugomvi mwingi. Juu ya hiki cha saba watu hawapatani. Wako wakipendao kupita vyote, na kwa mwaka 1956 kilipewa nishani ya Carnegie, ambayo Waingereza humpa mtunga kitabu bora cha watoto. Wako pia wasemao ya kuwa ni kitabu kibaya kwa watoto, na mmoja wao ni Philip Pullman, naye mtungaji mashuhuri wa hadithi za vijana, aliyevishambulia vitabu hivi gazetini mwaka 1998 kwa maneno makali sana.

Mwalimu mwenye kabati la vitabu shuleni, au mzazi ambaye mwanawe amekwisha soma vile sita na sasa adai cha saba, hana budi kukata shauri. Shauri letu sisi ni kwamba kisomwe. Lakini pana mahali pawili ambapo mtoto asiachwe asome peke yake, na pana mahali pamoja ambapo twaona mtungaji mwenyewe alijikwaa, tena vibaya.

Kwa wale wasiopata kuvisoma, yatosha kusema hivi. Narnia ni nchi ya wanyama wasemao, na watoto wa Uingereza huingia humo kwa njia za ajabu. Mwenye nchi ni Aslan, Simba, na neno hilo kwa Kituruki maana yake ni simba. Katika kitabu cha kwanza anakufa kwa ajili ya kosa la mtoto mmoja, kisha afufuka. Mkristo hana haja ya kuambiwa zaidi. Kitabu cha mwisho kinapoanza, Aslan hajaonekana Narnia miaka mingi. Watu wamebaki na jina lake na habari zake tu, nao wangali wakimpenda. Hapo ndipo mwovu apatapo nafasi.

Mwovu wa kitabu hiki si mchawi, wala si mfalme mkali. Ni nyani mzee, jina lake Shift, akaaye kando ya maji pamoja na rafiki yake Puzzle, punda. Urafiki wao ni wa namna tuijuayo: punda ndiye aendaye sokoni na ndiye abebaye mzigo, na nyani ndiye alaye machungwa na ndizi, kwa hoja ya kwamba yeye hawezi kula majani kama mwenzake, basi ni haki alipwe kwa njia nyingine. Siku moja maporomoko ya maji yaleta ngozi ya simba. Punda, kwa adabu yake, ashauri izikwe kwa heshima. Nyani aikata, aishona, na kumvika punda. Papo hapo radi yapiga na nchi yatetemeka kidogo. Punda asema, Tazama, tumekosa, hiyo ni ishara ya kutukataza. Nyani ajibu ya kuwa ndiyo hasa ishara aliyokuwa akiingoja, na ya kuwa inawathibitisha. Katika kitabu kizima hatukuona mahali palipotungwa kwa ujuzi kuliko hapo. Punda ameona sawasawa, lakini hajiamini. Na nyani hahitaji kuificha ile radi, yatosha aifasiri kwanza.

Wasomaji wetu wanamjua punda wa dobi, ambaye hadithi yake ilipigwa chapa mwaka 1870 na Steere, aliyekuwa baadaye Askofu wa Unguja, na ambayo bibi zetu walikuwa wakiisimulia bila kungoja mtambo wa chapa. Punda yule alidanganywa na sungura mara mbili, mara ya pili akaliwa na simba. Na hukumu juu yake ikawa kwamba hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi. Hadithi yetu haimhurumii mjinga. Lewis naye hamsifu ujinga wake, na Puzzle mwenyewe akiri baadaye kwamba aliacha kufikiri akamwachia mwenziwe. Ila mwisho wa kitabu, Aslan ajapo na wote wamezunguka, wafalme na malkia, wa kwanza kuitwa ni punda huyu. Aenda kwa haya nyingi. Simba amnong'oneza neno, na masikio yake marefu yashuka. Kisha amwambia neno la pili, na masikio yasimama tena. Wengine hawakusikia maneno hayo, wala mtungaji hatuambii. Twampa heko kwa kunyamaza.

Turudi kwa nyani. Aanza na njugu: Aslan ataka aletewe njugu nyingi. Kisha yaja koti jekundu, viatu vya vito, na taji ya karatasi. Kisha asema yeye si nyani bali ni mtu, mzee mno, ndiyo maana afanana na nyani. Kisha miti isemayo yakatwa, na wanyama wapelekwa kazini katika nchi jirani ya Kalormen, na ujira wao walipwa katika hazina ya Aslan, yaani katika mikono ya nyani. Usiku waonyeshwa punda kwa mbali, mbele ya moto, dakika chache, nao walia kwa hofu na upendo. Mwana-kondoo mmoja auliza jinsi Aslan awezavyo kuwa na urafiki na Tash, mungu wa Kalormen anywaye damu ya watu. Swali ni safi, na kila mmoja alikuwa nalo moyoni. Nyani amtukana kwa udogo wake, kisha atangaza ya kwamba Aslan na Tash ni mmoja, atunga na jina jipya la kuwachanganya. Mwana-kondoo hapati jibu.

Katika vijiji vyetu hakuna asiyejua jambo hili. Yuko ambaye amekwisha kuona mtu akisimama kwa jina takatifu, akadai kuku, kisha mbuzi, kisha shamba; na alipoulizwa, aliyeuliza ndiye aliyeaibishwa. Hadithi nyingi za watoto huwafundisha kumtambua mwovu kwa sura yake. Hii yawaonya ya kuwa mwovu aweza kuja na jina lile lile walilofundishwa kulipenda, na ya kuwa kulipenda peke yake hakutawaokoa. Tena Lewis aona mbali zaidi. Punda anapotoroshwa na wale walio waaminifu, nyani hatahayari. Atangaza mwenyewe ya kuwa yuko punda aliyejivika ngozi ya simba ili ajifanye Aslan, na ya kuwa Aslan amekasirika, hataonekana tena. Ameutia ukweli ndani ya uongo wake, na sasa wenye ukweli hawana la kusema. Wakimwonyesha punda, watakuwa wamethibitisha neno la nyani.

Wala nyani hadumu juu. Paka mmoja na jemadari wa Kalormen, ambao hawamwamini Aslan wala Tash, wamtumia jinsi alivyomtumia punda, naye ashinda amelewa. Hao wawili waona dini zote ni mashuka ya kuwafunikia wajinga. Paka ndiye aingiaye bandani kwanza, kwa maringo, akijua hamna kitu ndani. Atoka mbio, nywele zimesimama, na alipotaka kusema asikia sauti yake ni ya paka wa porini. Amepoteza usemi. Kwa maana Tash wamemwita kwa mzaha, naye amekuja kweli.

Sasa tufike kwa mbilikimo, nasi tutakaa hapa, maana kwetu sisi hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Twatumia neno mbilikimo kwa wale wafupi wenye ndevu wa hadithi za Ulaya, mafundi wa madini. Kundi lao lakutwa njiani likipelekwa na askari kuchimba chumvi Kalormen. Mfalme Tirian, wa mwisho wa wafalme wa Narnia, awaokoa, awaonyesha punda na ngozi yake, atazamia watapiga vigelegele. Kimya. Kisha wasema wamekwisha kudanganywa mara moja, hawatadanganywa tena. Hawamtaki Aslan wa uongo wala wa kweli, wala mfalme. Mbilikimo ni wa mbilikimo. Mfalme asema huyu ni wa uongo lakini yuko wa kweli, nao wacheka, wataka aonyeshwe. Hawezi kumwonyesha. Mmoja tu, jina lake Poggin, arudi usiku kumfuata mfalme.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo haimlaumu mtu. Yasema tu jinsi alivyo. Basi twamwuliza Lewis: je, mbilikimo wamekosa nini? Walimwamini nyani kwa kuwa walimpenda Aslan. Waliuzwa kwa jina lake. Ajapo mtu wa tatu na jina lile lile, kwa nini waamini? Lewis ajibu kwa matendo yao. Katika vita wapiga mishale pande zote mbili, na farasi wasemao wajapo mbio kumsaidia mfalme, mbilikimo wawaua wote kwa mishale huku wakicheka. Hapo twakubali: aliyeumwa ana haki ya kushtuka, hana haki ya kuwaua farasi.

Baadaye mbilikimo kumi na mmoja watupwa ndani ya lile banda, na mlango wa banda, kwa ajabu ya hadithi, si mlango wa banda tena. Ndani mna nchi nzuri, mchana, miti ya matunda. Wote waiona ila wao. Wakaa duara, wakisema ni giza na harufu ya samadi. Lucy, mtoto mwenye huruma kupita wote katika vitabu hivi, awapa maua, nao wadhani ni takataka za zizi. Aslan mwenyewe awaandalia karamu, nyama na divai na vitu vitamu. Waila, na midomoni mwao ni majani makavu, na kabichi mbichi, na maji ya hori la punda. Kisha wapigana, kila mmoja akidhani mwenzake amepata kilicho bora. Aslan asema hawakubali kusaidiwa. Wameweka werevu mahali pa imani, na gereza lao limo akilini mwao.

Sura hiyo ni ya 13, nayo ni ya kutisha kuliko Tash na kichwa chake cha ndege na mikono yake minne. Inatisha kwa kuwa ni kweli. Tumewajua watu waliotapeliwa na mwongo mmoja wa dini, na tangu siku hiyo hata jirani akiwaletea bakuli la uji wautafuta mtego ndani yake. Lakini twashika neno letu kwamba mtungaji amewahukumu upesi. Yule aliyewatia gizani aliliwa na Tash kwa mdomo mmoja, kurasa chache, basi. Wao waachwa gizani bila mwisho. Labda Lewis naye alisikia uzito huo, maana katika hukumu ya mwisho, viumbe wote wapitapo mlangoni, Eustace amwona miongoni mwa waliopokelewa mbilikimo mmoja wa wale walioua farasi. Mtungaji asema tu ya kuwa hiyo haikuwa kazi ya Eustace kuichungua. Ni mstari mmoja, wasomaji wengi huuruka. Sisi twawaomba wasiuruke.

Tulisema pana mahali pawili pa kumkalisha mtoto karibu. Pa kwanza ni juu ya watu wa Kalormen. Hao wana nyuso nyeusi, wavaa vilemba, washika panga zilizopindika, nchi yao ni jangwa na masoko, na mfalme wao ni wa kuogopwa. Wafanana na watu wa Alfu Lela u Lela. Watu wa Narnia ni weupe, nao ndio wema. Mashujaa wetu wajipaka maji ya dawa usoni na mikononi wawe weusi, wapate kupita kama maadui. Mbilikimo wawazomea askari wa Kalormen kwa rangi yao. Mtoto wa Uingereza aweza kuyapita hayo bila kuona. Mtoto wetu atasimama. Ana uso mweusi, na huenda mjomba wake wa pwani avaa kilemba. Asiambiwe kwamba hakuona vizuri, ameona. Lewis alichukua picha aliyoikuta tayari katika hadithi za watu wake, ya adui mweusi wa mashariki, wala hakuihoji, naye alikuwa mtu wa kuhoji mambo mengi. Ni kweli ya kuwa katika kitabu cha tano, cha mwaka 1954, Aravis, msichana wa Kalormen, ni shujaa na baadaye malkia wa nchi jirani ya Narnia. Hilo lapunguza, haliondoi.

Kisha, katika kitabu hiki hiki, atokea Emeth. Ni askari kijana wa Kalormen, na jina lake ni neno la Kiebrania, maana yake kweli. Tangu utoto amemtumikia Tash kwa moyo mmoja, amemchukia Aslan, naye achukizwa na vita hivi vya hila. Asikiapo ya kuwa Tash yumo bandani, aomba kuingia, akitaka kumwona mungu wake hata kama atakufa. Aingia, akutana na Aslan. Aanguka, akitazamia kifo. Simba amkaribisha kama mwana, amwambia ya kuwa utumishi wote mwema aliomfanyia Tash umehesabiwa kuwa alifanyiwa yeye.

Waalimu wengi wa dini wamegombana juu ya kurasa hizo. Wengine wasema Lewis amefundisha kwamba dini zote ni moja. Hawakusoma vizuri, kwa sababu hayo ndiyo mahubiri ya nyani. Nyani asema Tash na Aslan ni mmoja. Aslan asema hao wawili ni kinyume kabisa, na kwa sababu hiyo hasa tendo jema haliwezi kumfikia Tash, kwa jina lolote litendwalo, wala ukatili hauwezi kumfikia Aslan, hata ukitendwa kwa jina lake na kwa kiapo. Msomaji na aliweke neno hilo kando ya hazina ya nyani na njugu zake, aone ni akaunti ya nani iliyokuwa ikijazwa. Twajua kwamba wako ambao bado hawataridhika na Emeth, nao wana maandiko yao. Sisi tuna majirani, wajomba na mabibi waliokufa kabla ya kusikia, nasi kurasa hizo tulizisoma polepole.

Mwisho wa Narnia wenyewe hatutausimulia wote. Jitu liitwalo Wakati laamka na kupiga baragumu, nyota zaanguka kama mvua hata mbingu yabaki tupu, majoka yala misitu, bahari yapanda, na Wakati alikamata jua mkononi, alikamua kama chungwa, giza na baridi. Peter, aliyekuwa mfalme mkuu zamani, aufunga mlango. Kabla ya hapo viumbe wote wamekuja mbio, kila mmoja amtazama Aslan usoni, na wengine wageuka kulia kwake, wengine kushoto. Asomaye Mathayo 25 ajua picha hiyo imetoka wapi. Kwa lugha, hakuna kurasa bora kuliko hizi katika vitabu vyote saba, na zafaa kusomwa kwa sauti.

Mahali pa pili pa kukaa na mtoto ni ajali. Eustace na Jill walikuwa katika gari la moshi, na Peter na Edmund wangoja kituoni. Ghafula kishindo, na wote wajikuta ng'ambo ya mlango. Katika ukurasa wa mwisho Aslan awaambia wazi ya kuwa ajali ilikuwa ya kweli, wamekufa wote, na baba na mama yao pia. Likizo imeanza, shule imefungwa. Pullman aona ni vibaya kuwaua watoto kisha kusema ni furaha. Twamwelewa. Lakini Lewis hakuwa mtu aliyekijua kifo kwa kusikia. Mama yake alikufa mwaka 1908, yeye akiwa wa miaka tisa. Aliingia mahandaki ya vita katika Ufaransa siku alipotimiza miaka 19, mwezi wa Novemba 1917, akajeruhiwa mwaka uliofuata. Katika kitabu kilichotangulia, cha 1955, alimwandika mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa wa kufa, akaponywa kwa tunda. Mama wa Lewis hakuponywa. Sasa yule mtoto, Digory, amezeeka, naye ni mmoja wa waliokufa katika gari lile. Mtu aliyeyapitia hayo ana ruhusa ya kuwaambia watoto ya kuwa kifo ni mlango. Wala watoto wa vijijini kwetu hawafichwi makaburi. Wamesimama kando yake, wametupa udongo. Shida si kwamba kitabu chawaonyesha kifo. Shida ni kwamba chawaonyesha upande mmoja tu wa mlango.

Kwa kuwa mmoja hakufa, naye ni Susan. Wale ndugu walikuwa wanne: Peter, Susan, Edmund, Lucy. Katika sura ya 12 Tirian auliza dada wa pili yu wapi. Peter ajibu kwa kifupi ya kuwa si rafiki wa Narnia tena. Eustace asema akiambiwa habari za Narnia huzicheka kama michezo ya utotoni. Jill asema hajali kitu siku hizi ila soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko ya karamu. Bibi Polly aongeza ya kuwa ametamani ukubwa, lakini hakukua. Kisha Peter asema tuyaache hayo, tazameni miti ya matunda. Yamekwisha. Edmund hasemi juu yake, ambaye alimsaliti kila mtu katika kitabu cha kwanza akasamehewa. Lucy hasemi. Aslan hayupo hapo, wala baadaye hatamki jina lake kamwe.

Wengi wameandika kwamba Susan alihukumiwa kwa sababu ya rangi ya midomo. Hatukubali, aliyemkufuru Narnia ni yule asemaye ya kuwa aliyoyaona kwa macho hakuyaona, na hilo ni zito. Tulipokisoma kwa sauti darasani, wasichana hawakuuliza habari za soksi hata kidogo. Waliuliza ni nani atakayewazika. Swali hilo Lewis hakuliona. Upande wa pili wa mlango ni karamu na kukimbia na kicheko. Upande huu ni msichana mmoja, amepoteza kwa siku moja baba, mama, kaka wawili na mdogo wake wa kike, na binamu juu yake. Kwetu nyumba kama hiyo hujaa watu kabla jua halijatua. Wanawake hulala naye mkekani hata siku za matanga ziishe, na asiyekuja hujulikana. Susan hakujiwa na mtu, hata na mtungaji wake. Mwaka 2004 Neil Gaiman alitunga hadithi ya watu wazima juu ya jambo hili, yenye mama mzee ambaye nduguze walikufa katika ajali ya gari la moshi, na humo kuna swali la nani aliyekwenda kuitambua miili. Ni hadithi chungu, tena haifai kwa watoto. Lakini imetoka katika shimo ambalo Lewis aliliacha wazi.

Na ajabu ni kwamba jibu alikuwa nalo. Mwaka 1957, kitabu kikiwa hakijatimiza mwaka, alimwandikia mtoto mmoja aliyemwuliza, akamwambia ya kuwa Susan yu hai bado, ana wakati mwingi wa kutengenea, na huenda akafika nchi ya Aslan kwa njia yake mwenyewe. Mtoto yule alipata barua. Wengine wote walipata miti ya matunda. Mtungaji aliyepata nafasi ya masikio ya punda kushuka na kusimama, na nafasi ya mstari juu ya mbilikimo mmoja aliyepokelewa, angaliweza kumpa Lucy sentensi moja ya kumwulizia dada yake, na Aslan nusu ya jibu.

Kitabu kina sura 16, na sura moja kwa jioni yatosha. Atakayewasomea watoto na afike sura ya 12 mapema, kungali na nuru, asiharakishe kwenda kwenye sura ifuatayo. Watoto watataka kusema, na mazungumzo hayo yaweza kuchukua jioni yote. Ile barua ya 1957 na aiseme wakati huo, si kabla.